Nimeahidi Binti Yangu Ataacha Hadubini

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie maana nimejifunga kwa mdomo wangu mwenyewe. Mwanangu Rukaya yuko Ulaya anasomea hadubini, si hizi za zahanati za kutazamia malaria, ya kwao inamulika kwa vitone vya mwanga ili picha isiwe na ukungu, zamani mwanga ulipita kwenye kisahani chenye matundu yasiyobadilika kama chekeche, sasa wana vioo vidogo maelfu kwa maelfu, kompyuta inavigeuza, wakitaka vitone vikae mbalimbali au karibu vinakaa, na aliyeiandikia kompyuta maagizo hayo ni huyu niliyemzaa mimi niliyeishia darasa la saba, Handeni nzima nionyeshe mwingine.

Basi alipokuja mshenga, Mzee Mhina, kumposea kijana Sabiri aliyefungua duka la vipuri Segera tangu biashara za watu binafsi ziruhusiwe, nikamweleza yote, hata kwamba wanafanya kazi gizani ili mwanga wa nje usiharibu picha. Akaweka kikombe chini.

"Mama Rukaya, gizani humo yuko na nani?"

"Na mwalimu wake na mashine."

Wiki ya pili akarudi na maneno ya shangazi yake Sabiri: "Hatuoi mwanamke wa gizani. Aache kazi, au barua yetu ya posa irudi." Mwanangu mimi, aitwe hivyo na mtu ambaye hata betri za tochi anatiliwa na wajukuu. Lakini nilishatangaza harusi mpaka Korogwe, nikaogopa aibu, nikasema ataacha baada ya Idd. Rukaya hajui. Nimwambieje?

Mama Rukaya, Handeni

JIBU

Mama Rukaya, hasira yako ni ya haki. Kumchafua binti wa watu kwa sababu ya taa kuzimwa ni utovu wa adabu. Lakini hasira hiyo unatuonyesha sisi, mbele ya mshenga uliimeza. Vioo umevieleza mpaka nami nimeelewa, neno moja la kumtetea mwanao likakushinda. Na Sabiri anasemaje? Katika barua yako nzima hana sauti, naye ndiye muoaji.

Usitafute maneno matamu. Nenda posta kesho umpigie Rukaya simu, mwambie ulichoahidi, umwombe radhi. Ndiyo, mzazi huomba radhi. Ukishasikia anachotaka yeye, mwite Mzee Mhina, kaka yako au mzee mwingine wa ukoo akiwepo, useme ahadi ile haikuwa yako kuitoa na umeifuta. Sabiri akimtaka Rukaya pamoja na kazi yake, aje aseme kwa kinywa chake. Asipokuja, barua yao irudishe wewe, kabla hawajaiomba.