Kisanduku cha Kupimia Hewa

Nyumba ya nyuma ya kituo cha utafiti,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa dada yangu,

Mwanao ameninyang'anya kalamu sasa hivi, akaitia mdomoni, akaona haina ladha, akanirudishia kwa heshima zote kama konda anayerudisha chenji. Kisha akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, ikabidi nimbebe mpaka kikatulia. Hayo mate uliyoyaona hapo juu ya karatasi ni salamu zake.

Hujambo lakini? Goti linakusumbua bado? Na huko hotelini unakofua, wamewanunulia glovu au bado mnaunguzwa mikono na dawa? Sisi tupo. Mama mkwe ni mzima, na ulimi wake ni mzima zaidi. Shemeji yako yupo na mkokoteni wake wa vyuma chakavu. Anayeumwa ni huyu mwanangu Bonge. Jina tulimpa kwa ajili ya mashavu; mashavu yamekwenda, jina limebaki. Akilala kifua kinapiga filimbi, na akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani. Daktari amempa dawa, lakini akaniambia dawa peke yake haitoshi, mtoto anataka hewa safi.

Nilikugusia kwenye simu ule utafiti wa vifua vya watoto. Kila nyumba ya mtaa huu yenye mtoto mdogo ilipewa kisanduku cheupe cha kuning'iniza ukutani. Kinanusa hewa, kinapeleka habari chenyewe kwenye mitambo kule kituoni. Hewa ikiwa nzuri kinawasha taa ya kijani, ikichafuka nyekundu. Anayetuzungukia ni msichana mmoja mpole mwenye simu pana kama sinia. Tunamwita Mama Taa, maana hata hujambo hasemi kabla ya kuuliza, "Taa inasemaje leo?"

Nilikipenda kisanduku hicho, dada. Nilikuwa nakifuta vumbi kuliko kabati langu, nikijua kinamlinda mwanangu. Hiyo mitambo yenyewe imewekewa chumba cha baridi, na jenereta yake inanguruma kutwa kucha. Mama mkwe alichungulia mlangoni siku moja akasema, "Heri kuzaliwa mtambo."

Sasa tuliambiwa taa ikikaa nyekundu kutwa nzima, basi kisanduku kimeharibika, tukirudishe tupewe kingine. Eti ile mitambo haikubali kwamba hewa ya nyumbani inaweza kuwa chafu kiasi hicho. Tukawa tunarudisha. Mimi, jirani yangu mshona nguo, mtaa mzima. Tulipanga foleni navyo kwapani kama tunarudisha chupa tupu za soda.

Juzi nilikuwa napeleka kingine. Nafika getini kwao, nakiangalia, kijani! Mama Taa akakigeuzageuza, akacheka. "Mama Bonge, hiki kizima. Kilikuwa kinakutania." Nikarudi nacho nimekikumbatia, na mimi nacheka. Nilipoingia kwenye kichochoro chetu kikawaka nyekundu mikononi mwangu.

Nikasimama. Nyuma ya ukuta wa ua wetu shemeji yako alikuwa ameinamia shimo, anachokoa moto kwa nondo, anaimba. Ndani ya moto mlikuwa na visanduku.

Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuondoa vibovu pale kituoni. Siku zote najua anawabebea taka, sikujua taka gani. Anavichoma plastiki iishe, abaki na shaba ya kuuza. Moshi wake unanuka kama kandambili zinazoungua, na ukiumeza unabaki na ladha ya sarafu ulimini. Unapita juu ya ukuta, unaingia dirishani kwa Bonge. Na sisi tukiona nyekundu, tunampelekea vingine achome.

Nilipomweleza aliweka nondo chini. Huyu si mtu mbaya, dada, unamjua. Kisha akajitia utani, "Kumbe wewe unarudisha, mimi nachoma. Ndoa yetu ina ushirikiano kweli." Mimi sikucheka. Akasema, "Nikiacha, kesho kazi anaichukua mwingine, atachomea hapo hapo. Moshi tutaupata ule ule, unga hatutaupata."

Nikaenda kwa Mama Taa. Nikasema, hawa ndio wasomi, wakijua watazuia. Alinisikiliza vizuri, akanikalisha kwenye kiti chake. Halafu akanionyesha ile simu yake. Mahali pa kujaza chanzo cha moshi pana kuni, mkaa na mafuta ya taa, basi. "Utafiti wetu ni wa moshi wa jikoni, Mama Bonge. Huu wako hauna pa kuuweka." Nikamwambia mimi napikia gesi. Akainama, akabonyeza mkaa.

Aliahidi kuwaambia wakubwa wake, na mimi bado nina matumaini kidogo. Lakini alipokuwa ananisindikiza alinidokeza kwamba mwezi ujao wanaleta mitambo mipya, na visanduku vyetu vyote, hata vizima, haviwezi kuongea na mitambo hiyo. Vyote vitaondolewa. Shemeji yako ameshaazima mkokoteni wa pili. Jana alikuwa ananiahidi viatu.

Dirisha tumeliziba kwa shuka. Chumba kinakuwa tanuri, mtoto analia joto, nikilifungua anakohoa. Nimejaribu kumpeleka kwa mshona nguo, kwake ni nyekundu vile vile. Nashinda nazunguka naye mgongoni upande ule wenye kijani, mpaka walinzi wa getini wananiuliza kama natafuta kazi.

Msalimie shemeji, mjomba kinyozi, na yule mama mwenye nyumba wako anayekuwa kiziwi ukimwomba maji. Mungu akuponye goti na akuhifadhie mikono hiyo.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata usipojibu.

Dada, nimeshaaga, lakini nimeisoma barua nikaona lile lililonikalisha chini kuandika sijaliandika. Nimelizunguka tu. Naomba umchukue Bonge. Baba yake amekubali. Alikubali huku amegeukia ukutani. Nitamleta mwenyewe kabla mikokoteni haijaanza, nikae siku chache akuzoee, kisha nitoke akiwa amelala. Hachagui chakula. Usingizi haumjii mpaka ashike sikio la mtu, basi mpe lako. Akikuita mama, mwitikie, mimi sitaona wivu. Nitaona, lakini mwitikie. Na akishakuwa na akili, akikuuliza kwa nini mama yake alimwacha, usimwambie habari za taa wala visanduku, hataelewa, mwambie tu kwamba... mama mkwe ananiita, dada, anapiga kelele nimtoe mtoto uani, wameshawasha, ngoja nimkimbilie, wewe mwambie hivi: mama yako