Sauti ya Mama Kwenye Gramafoni Mbili

Arua, 4 Februari 2024

Kwako dada Santa,

Natumai huko Koboko mko wazima. Sisi hatujambo, ila wifi yako Prossy bado anakohoa. Kwa kuwa hupokei simu zangu, nampa dereva wa basi la Koboko barua hii.

Jumapili iliyopita uliniaibisha mbele ya wageni. Nilikufunga kanga machoni usijue ni ipi inapiga, nikapiga ile sahani ya santuri aliyoimba marehemu mama: kwanza kwenye gramafoni yangu mpya, kwa mkono mfupi wa sindano, kisha ule mrefu, mwisho kwenye ile ya baba uliyokuja nayo. Kwenye yangu kila mtu alisikia hadi vidole kwenye nyuzi za gitaa. Wewe ukasema yangu ni takataka, na ya baba, yenye sarafu iliyobandikwa juu ya mkono ili sindano isiruke, ndiyo inaimba. Uzito wa sarafu hiyo unaichimba sahani kila unapoipiga. Hatuna nyingine. Irudishe sahani Arua.

Kaka yako,
Obitre

Koboko, 11 Februari 2024

Kaka,

Tu wazima. Mpe Prossy pole.

Sahani haiji. Sarafu aliiweka baba mwenyewe, nawe ulikuwepo. Kwenye mashine yako mama ana haraka, kama mtu anayeogopa kuachwa na lori la kwenda Oraba mpakani. Kwenye ya baba anaimba taratibu, sauti nzito, na kabla ya kiitikio anavuta pumzi ndefu. Nimekua nikilala na pumzi hiyo. Wewe alikubeba, akakupikia, akakuchapa. Mimi aliniacha sijaota meno. Hicho kidogo nilicho nacho unataka kukifungia kabatini uwaonyeshe wageni. Majivuno yamekuziba masikio.

Dada yako,
Santa

Arua, 15 Februari 2024

Dada,

Salamu kwa watoto.

Sasa nikwambie nililokuficha kwa kukuhurumia. Gramafoni ya baba inazunguka polepole. Mkanda wake wa kuzungushia sahani ulilegea kabla hujaanza kutembea, na baba hakuubadilisha. Mama hakuwa na sauti nzito. Ilikuwa nyembamba, na aliongea haraka hadi majirani wakamcheka. Wewe unampenda mwanamke aliyetengenezwa na mkanda mbovu. Kama huamini, muulize mama mdogo Margaret wa Pajulu, aliyekuwa akiimba naye. Mfunge macho.

Kaka yako,
Obitre

Arua, nyumbani kwako, 20 Aprili 2024

Obitre,

Naandika mezani pako. Prossy ametufungulia, kasema umesafiri.

Nimemleta mama mdogo na gramafoni ya baba, nikamfunga kanga machoni. Nilianza na ya baba. Alisikiliza ubeti mzima, kisha akauliza, "Huyu mutu iko naimba, ni nani?"

Nikahamishia sahani kwenye yako. Hakungoja kiitikio. Alilia, akaita jina la mama, akasema, "Hii ndiyo dada yangu. Iko vile vile."

Yeye alimsikia dada yake. Mimi nilimsikia mgeni.

Kwa hiyo umeshinda, na nakuchukia kwa kushinda. Nimeipiga tena kwenye ya baba ili niisikie ile pumzi, nikasikia mkanda tu. Ungeninyang'anya sahani ukaniachia mama, ningekusamehe siku moja.

Sahani naiacha hapa. Usipige simu, usitume dereva. Gramafoni ya baba narudi nayo Koboko, sarafu ikiwa juu yake. Haina cha kupiga.

Santa