Betri ya Mama Sauda

Jumatatu, 4 Novemba
Nimewasha kompyuta kwa bismillahi na kofi la ubavuni, kama kila asubuhi. Imekubali mara ya tatu. Feni inakoroma. Nimefika ukurasa wa 61 wa memwari ninayomchapia Odette, kitabu chake cha kumalizia chuo. Anaikabidhi Ijumaa, la sivyo anarudia mwaka. Saa nne ikazima yenyewe. Saa sita tena. Naogopa. Mwaka jana ilizima hivihivi na memwari ya Didier, mteja mwingine, ndani, na kazi yote ikapotea. Didier alirudia mwaka. Tukikutana hapa mtaani Bwiza ananisalimia kwa heshima, na hiyo ndiyo inayoniuma. Lazima ninunue nyingine. Ipi?

Jumanne, 5 Novemba
Shemeji Hamisi anashikilia ya mezani: ikiharibika, fundi yeyote anaifungua. Odette anataka laptopu, ina betri. Siku nzima nazunguka na hizo mbili kichwani kama mtu anayechagua mkwe. Laptopu mwizi anaondoka nayo kwapani. Ya mezani inazima umeme ukikatika, na mtaani kwetu siku hizi tunapata umeme kwa kubahatisha. Nimeamua laptopu. Kwa ajili ya betri tu. Hofu haijapungua.

Jumatano, 6 Novemba
Dukani kwa Mzee Salim, ambaye babu yake ndiye aliyelifungua. Umeme hakuna. Laptopu za mtumba zimepangwa mezani, zote zimelala. Hakuna anayenunua asichokiona kikiwaka, tukakaa kwenye viti tukisubiri. Saa saba umeme ukarudi, duka zima likapiga makofi. Mzee akachomeka waya. Nimejaribu kila kitufe, kioo, sauti. Safi. Nimenunua. Kazi ya Odette nimeihamishia humo.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimeandika tangu alfajiri. Sikuhifadhi hata mara moja, betri si ipo. Saa tatu umeme umekatika na kioo kikawa cheusi papo hapo. Nimebonyeza, nimebonyeza. Kimya. Betri mbovu, pengine tangu huko Ulaya ilikotoka. Jana wote tulikuwa tunafurahia umeme. Nani angefikiria kuchomoa waya? Mjinga mimi.

Odette akaingia na karatasi zake za hitimisho. Nikamweleza.

"Mama Sauda, mi naogopa. Niambie tu ukweli. Kazi yangu iko?"

"Sijui, mwanangu."

Alilia bila sauti. Kisha tukaanza kupiga simu kama watu wote wa mji huu: kwenu umeme uko? Kibenga, apana. Kanyosha, kwa shangazi yake, uko. Petroli imekosekana, mabasi hakuna. Tukaenda kwa miguu, laptopu mgongoni mwangu ndani ya kitenge. Njia nzima niliomba umeme wa Kanyosha usikatike kabla hatujafika. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ya kujifungua.

Ya zamani yote yalikuwepo. Kurasa kumi na moja za leo hazipo. Odette akasoma kwenye karatasi zake za mkono, mimi nikaandika, nikihifadhi kila mstari. Saa kumi na moja tumemaliza. Ameondoka na flashi yake ameifumbata mkononi.

Ijumaa, 8 Novemba
Odette amekabidhi. Ujumbe wake ulinikuta dukani kwa Mzee Salim, nikirudisha laptopu. Mzee hakubisha. Alijilaumu, akaniletea laptopu nyingine. Nikamwomba achomoe waya. Kioo kikabaki kinawaka. Sikuamini. Muda wa sala ya Ijumaa ulipofika akaenda msikitini, akaniacha na mkewe, laptopu mbele yangu. Sikuandika kitu. Niliitazama tu. Aliporudi alinikuta palepale. Akasema betri bado iko nusu, niende nyumbani nikapumzike. Nikamwomba dakika kumi zaidi.