Azim Kavua Kofia

Kwa dadangu Safaa,

Assalaam alaikum. Huku Malindi tu wazima, na achari uliyoagiza iko tayari.

Shemeji yako Azim, daktari amemkatalia kupandikizwa nywele mara ya tatu. Kamwambia nywele za kisogoni, za kuhamishia utosini, zimekwisha, na zikishang'olewa hapo hazioti tena. Nikajua leo nyumba itageuka matanga. Lo! Kapitia kwa kinyozi, karudi na upara mtupu, anacheka, kofia mfukoni. Hata chakula hakijapoa, akasema, "Mwanamina, twende Makka, tukafanye Umra."

Miaka yote akiniahirishia, nami nikidhani haoni fahari kufuatana nami. Kumbe mwenzangu akiogopa kunyolewa kule, kama ilivyo ada ya Umra, nywele zake za kupandikizwa!

Nimelia, dada, kwa furaha. Begi langu nililifunga zamani.

Nduguyo akupendaye,
Mwanamina