Sindano Aliyoikataa Honoré

Goma, Ndosho, tarehe 9 Machi 2024

Kwako Yaya Angèle,

Jambo sana. Natumaini wewe, Papa Wenceslas na watoto mu wazima hapo Butembo. Sisi tunakula na kulala, ndiyo yote. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu nikipiga simu humu, nyumba nzima inasikiliza.

Uliuliza kwa nini shemeji Honoré hakanyagi tena kwetu. Yaya, nimemkomesha, nami nimefurahi.

Wajua mume wangu Achille alipatikana na kansa ya damu. Daktari Fabiola alitueleza vizuri: chembe nyeupe zilikuwa nyingi kupita kiasi, na aina ile ya kansa hupenda kupanda kichwani. Basi hata kama Achille haumwi kichwa, achomwe sindano ya mgongo, maji ya uti wa mgongo yapimwe na dawa iingizwe humo humo. Honoré akaruka: "Ile sindano inaua mutu! Ndugu yangu si panya yenu." Ikaletwa karatasi ya kukataa, akatia sahihi kwa mbwembwe kama bwana harusi.

Wiki sita baadaye mdomo wa Achille ulipinda, akaanza kuona watu wawili wawili. Tulivyomzika unajua. Kabla udongo haujakauka, Honoré akatangaza kwamba nilimtilia ndugu yake sumu chakulani. Mimi, Yaya! Mama mkwe akaacha kula nilichopika.

Nikangoja siku ya kumaliza kilio. Ukoo wote ulipokaa, nilisimama nikaisoma karatasi ile, niliyopewa hospitalini, neno kwa neno, hadi jina lake. Wazee wakamfukuza. Sasa yuko Vitshumbi anapara samaki wa wengine, na mke wake amerudi kwao. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Lakini kuna neno ambalo hata padri sijamwambia. Karatasi ile ina sahihi mbili. Ya pili ni yangu. Mimi pia niliiogopa sindano, na Honoré aliponipa kalamu sikusita. Siku ya kusoma nililifunika jina langu kwa kidole gumba. Alipotaka kusema kwamba hakuwa peke yake, wazee walimnyamazisha, nami nikaikunja karatasi.

Mama mkwe ananisihi nimsamehe, arudi. Sitaki. Kila asubuhi namwombea Achille, kisha namlaani Honoré. Nikimsamehe yeye, Yaya, wa kulaaniwa nitabaki mimi tu.

Wasalimie wote hapo, na barua hii uichome ukimaliza.

Mimi mdogo wako,
Katungu