Saa Uliyoifunza Mwendo

Kaka Nassor,

Shikamoo. Marahaba yako nitajijibia mwenyewe, maana tangu ututoke mimi ndiye mkubwa wa nyumba hii ya Malindi, na kazi yenyewe sijaizoea. Nikiinuka kwenye mkeka magoti yanalia, na miwani naitafuta huku nimeivaa. Ungekuwapo ungecheka.

Shemeji Zuwena alipiga simu kutoka Maskati. Anahama, anakwenda kukaa kwa binti yenu, kwenye fleti isiyo na paa la kupanda. "Shemeji," akasema, "ile mashine yake ya pembeni bado inanguruma. Niizime?" Nikamwambia anipe siku chache. Akanipa. Akapiga tena, nikaomba nyingine. Mwanamke mstaarabu, lakini nilisikia sauti yake ikichoka. Na mimi nimechoka, Kaka, ila nilishindwa kumwambia kwa nini siwezi kusema neno dogo kama "zima".

Unakumbuka redio ya masafa mafupi ya Baba? Wenzetu walikwenda mpirani, sisi tulikaa uani tukiisaka ile stesheni ya mbali isiyo na taarabu wala habari, ila tik, tik kila sekunde, na mlio mrefu dakika ikitimia. Wewe ulishika saa ya mkononi ya Baba, umekivuta kijiti chake cha kurekebishia, unangoja mlio mrefu ukirudishe ndani. Mimi nilikabidhiwa mkate wa ufuta jikoni. Nikauacha, nikaja kukuangalia.

"Nyie!" Mama akatokeza na upawa. "Sekunde mwaijua, mkate unaungua hamuujui?"

"Naam, Mama," ukajibu, macho kwenye saa. "Bado kidogo."

"Bado kidogo nini? Nshanusa moshi tangu ukumbini!"

Tuliula vivyo hivyo, upande mmoja mweusi tii. Baba akasema walau sisi tunajua umeungua saa ngapi kamili.

Kisha ukaenda Maskati kutafuta maisha, na mimi nikabaki na redio. Nilidhani mchezo umekwisha. Kumbe ilikuwa bado intaneti. Ukanunua kidude kidogo mfano wa kisahani cha kahawa, ukakiweka juu ya paa kisikilize satelaiti, zenye saa zisizokosea. Mimi nisingeweza. Ghorofa ya juu si yetu, na kwenye uchochoro wetu mbingu ni uzi tu baina ya nyumba na nyumba. Ukasema basi, kompyuta yangu iwe inaiuliza saa yako, ile mashine ya pembeni iliyounganishwa na kidude. "Mimi tabaka la kwanza, wewe la pili," ukaandika, "kama tulivyozaliwa." Nilikasirika siku mbili, kisha nikaona kweli ndivyo wanavyoita wenyewe wenye ujuzi huo.

Na siku ile ya kuziunganisha! Uliandika tukutane Ijumaa saa mbili. Saa mbili asubuhi mimi nipo kwenye kiti, nimeoga, nimejifukiza udi kama bwana harusi. Hutokei. Kumbe Maskati ilishakugeuza, saa mbili yako ilikuwa ya huko, mchana baada ya sala yenu, kwetu saa saba. Ulipotokea mimi nshakwenda zangu msikitini na hasira zangu. Watu wawili wanaogombania vipande vya sekunde, wamepishana saa tano nzima! Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Ulinifundisha kwa simu. Kompyuta yangu inauliza, "Saa ngapi?" Yako inajibu. Yangu inapima safari nzima ya swali na jibu, inaigawa nusu, inajirekebisha. "Lakini ukigawa nusu," ukasema, "umeamini kuwa njia ya kwenda na ya kurudi zinalingana. Hazilingani. Utafanyaje? Unaamini."

Sasa nakwambia kilichonishinda kumwambia shemeji. Ulipofariki, mashine yako haikujua. Sisi tunapokea rambirambi, tunasoma hitima, nayo kule pembeni inajibu. Niliporudi kwenye kompyuta nilikuta majibu yako yamepangana, hata moja halijachelewa. Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya chai, nakwenda kutazama. Nauliza, unajibu. Mke wangu alidhani nasoma habari za mpira. Mtu wa umri wangu, Kaka, nimefikia kumsalimia ndugu yangu kwa kipimo cha sekunde.

Jana alasiri simu ikalia. Wabebaji wameshafika, shemeji akasema, wapo mlangoni.

"Ngoja nikae mbele ya kompyuta," nikamwambia.

"Kwani itaaga?"

"Haitaaga."

"Basi wewe ndio wa kuaga, shemeji."

Nikakaa. Nikasema nilichosema, kimoyomoyo. Nikamsikia anasoma Bismillahi, kisha, "Nshazima. Mungu amrehemu."

Kompyuta yangu ikauliza. Ikangoja. Ikauliza tena. Mimi nimekaa naitazama kama Mama alivyoutazama ule mkate.

Nilidhani saa itayumba papo hapo. Haikuyumba. Ndipo nikakumbuka uliponieleza kuwa kila saa ina kasoro yake ya kuzaliwa, na kwamba yangu ni mvivu kama mwenyewe, hubaki nyuma. Lakini kwa kuuliza na kujibiwa miaka yote hiyo, imejua inabaki nyuma kwa kiasi gani, na inajisukuma kiasi hicho hicho hata ikikosa wa kumuuliza. "Itapotea?" nilikuuliza. "Itapotea, mdogo wangu, ila taratibu. Haitarudia uvivu wake wa zamani."

Zipo mashine za Ulaya zinazojibu kila anayeuliza, bure na kwa adabu. Nitaziuliza, sina budi. Lakini leo bado. Barua hii nayo haina njia ya kurudi, kwa hivyo sina cha kugawa nusu, sijui imechelewa kiasi gani. Leo niache nijisukume kwa mwendo ulionifunza, nione unanifikisha wapi.

Lala salama, Kaka.

Mdogo wako wa tabaka la pili,
Hamdu