Chumvi kwenye gundi

Kansanga, Jumatano usiku

Mikono bado inanuka, sabuni haijasaidia kitu.

Asubuhi nilifungua kamba nilizobania ukulele yangu ya kwanza kuunda, kigitaa cha nyuzi nne, na ubao wa juu ukateleza ukaniangukia magotini. Gundi haikushika. Ilikuwa ute mtupu kama makamasi, inzi wameshajaa, na katikati yake kipande cha kitunguu.

Kitunguu! Mimi nilichemsha ngozi ya ng'ombe na maji tu, jiko pale uani, maana nilijitia kupika gundi kama mafundi wa zamani. Na ilivyonuka wakati naipaka, ningejuaje?

Mama Apio, jirani yangu, mke wa polisi, hakuficha. "Baba Atieno, juzi umeenda dukani, mimi naona supu ya molokoni, kwato za ng'ombe, inachemka. Naonja, haina chumvi. Naweka. Na kitunguu kidogo."

Ameionja! Ngozi ile niliilowesha kwenye beseni la kuogeshea mbwa.

Chumvi ndiyo iliyozuia gundi isikauke. Ubao umepinda, na niliahidi kupiga ukulele hiyo kanisani Jumapili hii. Lakini utamgombezaje mtu aliyekutilia chumvi yake mwenyewe?

Jioni mumewe amenisimamisha getini, na yunifomu yake, akanipa mkono kwa heshima zote. Lile bakuli la supu yangu alilopelekewa na mkewe kazini juzi lilikuwa tamu sana, anasema. Nitapika tena lini?